Namna ya kuunganisha analaiza ya oksijeni na PLC bila sifuri kukudanganya: mwongozo kamili

Mafundi wa viwandani wanauliza kitu kile kile, wawe wa Vingunguti, Chang'ombe au Mikocheni: analaiza yenyewe, yaani kifaa kinachopima oksijeni kwenye gesi, inaonyesha namba moja na kompyuta ya chumba cha kontroo inaonyesha nyingine kabisa. Wengine hali yao ni mbaya zaidi na hawajui, kompyuta inawaonyesha 0.00 siku nzima na kila mtu karidhika, kwa sababu mashine yao ya kufungashia inatakiwa iwe na oksijeni kidogo.

Hapo ndo penye hatari. Kwenye tenki, mashine au laini ambayo tunafukuza oksijeni kwa naitrojeni, sifuri ni habari njema, sasa waya ukikatika unaleta sifuri, rejista (visanduku vya namba ambavyo vifaa vinasomeana) zikikaa kinyume zinaleta sifuri, pampu ya sampo, ile gesi inayopimwa, ikifa gesi ya zamani inabaki kwenye sensa na namba inabaki pale pale chini, nzuri. Kifaa kinaharibika na skrini inakupongeza. Huu mwongozo nimeupanga ili uipate namba sahihi kwenye PLC, ile kompyuta ndogo inayoendesha mashine, uwe na uhakika kwamba kifaa kikifa kitapiga kelele, na wewe mwenyewe utoke mzima.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Usianze kazi halafu ukaanza kumtuma kijana Kariakoo katikati. Kusanya hivi kabisa:

- Manyuo (kitabu cha maelekezo) ya analaiza yako, ya modeli hiyo hiyo na toleo hilo hilo la programu. Ya modeli inayofanana haitoshi, ramani za rejista zinabadilika.
- Mita nzuri inayopima miliamp, volti na om. Ukiwa na kifaa cha kutengeneza 4-20 mA (mkondo mdogo wa umeme unaobeba namba), bora zaidi.
- Kebo ya jozi iliyosokotwa yenye kinga ya foili au wavu. Waya wa spika hapana.
- Resista mbili za om 120 na moja ya om 250.
- Kigeuzi cha USB kwenda RS-485 (njia ya waya ya kupitishia data) na laptopu yenye programu yoyote ya kusoma Modbus (lugha ambayo vifaa vinatumiana namba).
- Mtungi wa naitrojeni safi ya asilimia 99.999, na mtungi wa gesi ya kupimia wenye cheti, ambao kiwango chake cha oksijeni kiko karibu na kile unachofanyia kazi.
- Regulata inayoendana na mtungi huo, flomita ndogo, na paipu ya stenlesi au ya nailoni ngumu.
- Kipima oksijeni kidogo cha kubana kifuani chenye alamu. Hiki usikiombe kwa jirani, kiwe chako na kiwe kimejaribiwa.
- Glovu za mpira, miwani ya kinga, maji ya sabuni ya kutafutia uvujaji, kufuli na lebo ya kuzuia umeme.

## Hatua ya 1: Hakikisha unapumua

Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Chini ya 19.5 watu wa usalama wanahesabu mahali pana upungufu, juu ya 23.5 wanahesabu oksijeni imezidi na moto unakuwa rahisi mno. Ikishuka chini ya 10 mtu anazimika haraka, na chini ya 6 pumzi chache tu zinatosha kumwangusha na dakika chache kumuua. Naitrojeni haina harufu, haina rangi, haiwashi koo. Mwili unastuka hewa chafu ikijaa kifuani, oksijeni ikipungua haustuki, kwa hiyo unaweza ukawa unafunga skrubu huku unaondoka duniani na huhisi chochote.

Sasa angalia vyumba vyetu vya analaiza hapa Dar. Joto kali, kwa hiyo wamejenga kachumba kadogo, wakaziba kila tundu na kuweka kiyoyozi cha spliti. Kiyoyozi hicho hakileti hewa mpya, kinazungusha ile ile iliyomo ndani. Chukua chumba cha mita 3 kwa 3 kwa urefu wa 2.5, ni mita za ujazo 22.5. Mtungi wa lita 50 uliojazwa mpaka bar 200 una kama mita za ujazo 10 za naitrojeni. Regulata ikivuja usiku kucha na mtungi ukaishia humo ndani, oksijeni inaweza kushuka mpaka 13 au 14, na yule anayefungua mlango asubuhi hajui lolote.

Kwa hiyo fanya hivi. Mitungi ikae nje kwenye kivuli, imefungwa mnyororo imesimama, na ni paipu tu inayoingia ndani. Gesi inayotoka kwenye analaiza itolewe nje kwa paipu yake, isimwagwe chini ya meza. Kabla ya kuingia chumbani fungua mlango, ingiza kipima oksijeni kwanza, subiri kitulie kisha ndo uingie. Na mtu mmoja abaki nje anakuona.

Onyo ambalo naomba ulirudie kwa kila kijana unayefanya naye kazi: ukimuona mwenzako kaanguka ndani ya chumba au tenki lenye naitrojeni, USIINGIE kumvuta. Najua moyo unakutuma uingie, na hivyo ndivyo watu wanavyokufa wawili na watatu mahali pamoja. Funga valvu ya gesi kama iko nje, fungua milango, piga kelele, piga 114 wa Zimamoto. Anaingia mwenye mtungi wake wa kupumulia tu, barakoa ya vumbi au ya kemikali haikutengenezei oksijeni.

Kama kazi inakupeleka ndani ya tenki au shimo, hiyo ni habari ya kibali cha maandishi na msimamizi, usiichukulie kama kazi ya dakika mbili. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akulinde, kwa hiyo ukidai kibali na kipima hewa hauringi, unadai haki yako.

Hatua hii imekamilika pale kipima cha kifuani kinaposoma 20.9 au karibu na hapo chumba kizima, mpaka kwenye pembe na chini sakafuni, na gesi yote ya kutoka inaishia nje.

## Hatua ya 2: Jua sensa yako ni ya aina gani

Usiruke hapa, maana namna ya kuishika inategemea hiki.

Sensa ya kemikali, ile kikopo kidogo kinachochakaa na kubadilishwa. Ndani ina maji makali ya alkali au asidi na mara nyingi ina risasi. Ikivuja inaunguza ngozi na macho, kwa hiyo vaa glovu na miwani, na ikikugusa machoni suuza kwa maji mengi dakika 15 bila kukatisha huku mwenzako anatafuta usafiri wa hospitali. Usiipasue kuangalia ndani kuna nini. Iliyokufa iweke kwenye mfuko uliofungwa, ipelekwe kama taka hatarishi, sio kwenye pipa la jalala la kawaida. Kama gesi yako ina kaboni dayoksaidi nyingi, ulizia sensa yenye asidi ndani, kwa sababu ya alkali inakufa mapema.

Sensa ya zirkonia, inayokaa sana kwenye dohani la boila. Hii inafanya kazi ikiwa ya moto, nyingi zinakaa kati ya nyuzi 600 na 800. Mambo mawili: kwanza inakuunguza muda mrefu hata baada ya kuzima umeme, pili ni chanzo cha moto kamili, kwa hiyo usiipelekee gesi inayowaka kama haikutengenezwa na kizuia moto kwa kazi hiyo. Tena kwenye dohani usiiache imezimwa wakati boila linawaka, mvuke na asidi ya moshi vinaganda juu yake na kuiharibu. Umeme wa Tanesco ukikatika na jenereta likachelewa, sensa inapoa na kupashwa ghafla kila mara, hiyo inaichosha, weka UPS ndogo. Mpe muda wa kupata joto kabla ya kuiamini, manyuo itakwambia dakika ngapi.

Sensa ya sumaku, inayotumia tabia ya oksijeni ya kuvutwa na sumaku. Ni nzuri na inadumu lakini ni dhaifu: haipendi mtikisiko, haipendi maji hata tone, na ukifungua gesi kwa fujo msukumo unaweza kuvunja kipande kidogo cha ndani ambacho bei yake itakunyima usingizi. Iweke mbali na kompresa, na weka chujio na mtego wa maji kabla yake.

## Hatua ya 3: Chagua njia ya mawasiliano

Nne ndo utakutana nazo mara nyingi.

4-20 mA: waya mbili, namba moja. Inachoka kwa shida, fundi yeyote anaipima kwa mita, na waya ukikatika inajulikana. Kwa namba inayozuia ajali mimi nasimama na hii.

HART: mawasiliano ya kidijitali yanayopanda juu ya waya zile zile za 4-20 mA, inakupa na taarifa za ndani kama joto la sensa na makosa. Nzuri kwa matengenezo.

Modbus, iwe ya RS-485 au ya mtandao wa kawaida wa kebo: namba nyingi kwa kebo moja, umbali mrefu. Tamu, ila ndo inayowapoteza wengi.

Rilei: swichi tu, wazi au imefungwa. Kwa alamu na kusimamisha mashine.

Pendekezo langu, ambalo utalisikia tofauti kwa wauzaji: namba ya kuendeshea mashine ipite 4-20 mA, kusimamisha mashine kupite rilei moja kwa moja, na Modbus ibaki ya kukusanya takwimu na kuona hali ya sensa. Kama PLC yako haina nafasi ya 4-20 mA basi tumia Modbus, lakini usiruke hatua ya 6 hata kidogo.

## Hatua ya 4: Unganisha 4-20 mA

Zima umeme wa analaiza na wa PLC, weka kufuli na lebo, pima kwa mita uhakikishe kweli umezimika. Kama eneo lina gesi inayowaka usifungue kifuniko cha analaiza mpaka wenye eneo wathibitishe ni salama, na laptopu ya kawaida isiingie huko.

Kwanza jibu swali hili: nani anatoa umeme wa waya hizi? Analaiza nyingi zenye umeme wao wenyewe zinasukuma mkondo zenyewe. PLC nazo baadhi ya kadi zinatoa volti 24 kwenye terminali. Ukikutanisha wawili wote wanaosukuma, utapata namba za ajabu au utaunguza kadi. Washa PLC peke yake, pima volti kwenye terminali za kadi kabla ya kuunga chochote, kisha izime tena: ukiona kama 24, kadi inatoa, na hapo ubadilishe swichi au terminali ya kadi ikae upande wa kupokea.

Kinga ya kebo ishikwe na ardhi upande mmoja tu, kawaida upande wa paneli. Kebo ya ishara isilale pamoja na kebo ya mota inayoendeshwa na inveta, na zikibidi kukutana zikatizane kama msalaba. Kule Kurasini na Kigamboni, karibu na bahari, chumvi inakula terminali, kwa hiyo kaza glandi vizuri na matundu yasiyotumika yazibwe.

Sasa skeli. Hapa ndo kesi nyingi zinamalizika. Analaiza ina renji yake, yaani kiwango cha chini mpaka cha juu inachopima, PLC ina renji yake, na lazima zifanane. Renji ikiwa 0 mpaka 25, 4 mA ni sifuri, 12 mA ni 12.5, 20 mA ni 25, na hewa ya 20.9 inatoa 17.38 mA.

Ona kinachotokea zisipofanana. Analaiza ya boila imewekwa 0 mpaka 10, moshi una oksijeni 3, inatoa 8.8 mA. PLC aliyeiweka kaandika 0 mpaka 25, kwa hiyo 8.8 mA anaisoma kama 7.5. Mwendeshaji anaona hewa imezidi, anapunguza, anapunguza, mpaka skrini iseme 3, kumbe kwenye dohani imebaki 1.2, moto unakosa hewa, kaboni monoksaidi inazaliwa na masizi yanajaa. Wote wamefanya kazi kwa uaminifu, renji tu.

Analaiza nyingine zinabadilisha renji zenyewe, zikifika mwisho wa moja zinaruka kwenda nyingine. Zima hiyo kitu kama PLC haina namna ya kujua renji ipi inatumika.

Mwisho wa hatua hii, mlazimishe analaiza kutoa 4, 12 na 20 mA kwa kutumia menyu yake ya majaribio, soma kwa mita, soma kwenye PLC. Zikikubaliana mahali pote pale, endelea. Zikitofautiana mwanzoni na mwishoni kwa kiasi tofauti, ni skeli. Zikitofautiana kwa kiasi kile kile kote, tafuta ardhi mbili au kadi isiyokalibretiwa.

Kuhusu HART nitasema kidogo tu. Inahitaji ukinzani kwenye mzunguko, kuanzia kama om 230 kwenda juu, ndo maana ya ile resista ya om 250. Modemu inabanwa sambamba na resista au na analaiza. Ukiona 4-20 inasoma vizuri lakini HART haijibu, mara nyingi resista haipo au kadi ya PLC ina ukinzani mdogo mno.

## Hatua ya 5: Unganisha Modbus ya RS-485

Kebo ipite kifaa hadi kifaa kwa mstari mmoja, usitengeneze nyota wala matawi marefu. Kwa kasi ya kawaida inafika mpaka mita 1200. Mwisho wa mstari na mwanzo wake, hizo ncha mbili tu, weka resista ya om 120.

Kuna kipimo cha sekunde kumi ambacho kingeokoa safari nyingi: zima vifaa vyote, pima om kati ya A na B. Ukipata karibu 60, resista mbili zipo. Ukipata kama 120, moja haipo. Ukipata kama 40, kuna mtu kaweka ya tatu, ikague kwenye swichi ndogo za vifaa vya katikati.

Halafu herufi A na B: watengenezaji hawakubaliani ipi ni ipi. Usiamini herufi. Mambo mengine yote yakiwa sawa na kimya kikatawala, geuza waya hizo mbili ujaribu tena, haiunguzi kitu. Chukua na waya wa tatu wa pamoja uunge vifaa vyote, sio A na B pekee.

Mipangilio inayotakiwa ifanane pande zote: kasi kama 9600 au 19200, biti, pariti (biti ya kukagua makosa), na anwani ya kifaa kati ya 1 na 247. Vifaa viwili vyenye anwani moja vitajibu kwa pamoja na utapata takataka.

Anza na laptopu kabla ya PLC. Unga kigeuzi, soma analaiza peke yake. Ikijibu, waya na mipangilio ni mizima na tatizo lolote litakalobaki liko kwenye PLC. Ukianza na PLC moja kwa moja utakuwa unapambana na maadui watano kwa pamoja.

Sasa sehemu inayoua namba. Oksijeni mara nyingi inatumwa kama namba ya desimali iliyokatwa vipande viwili, rejista mbili zinazofuatana. Hewa ya 20.9 inakuja kama rejista ya 16807 na ya 13107. Ukizipanga sawa unapata 20.9. Ukizigeuza, ya pili ikatangulia, unapata 0.00000004, na skrini yenye desimali mbili inaandika 0.00. Soma tena hapo. Kwenye laini ya naitrojeni hiyo 0.00 inaonekana kama mafanikio makubwa.

Kwa hiyo jaribio lako la kwanza la Modbus liwe na hewa ya kawaida kwenye sensa, kamwe lisiwe na naitrojeni. Ukiziona 16800 na kitu na namba nyingine pembeni, unajua data imefika na kilichobaki ni mpangilio. Kama zote ni ovyo, jaribu kusogea rejista moja nyuma au mbele, kwa sababu manyuo ikiandika 40001 kwenye waya inakwenda kama 0, na programu nyingine zinatoa hiyo moja zenyewe na nyingine hazitoi. Kagua pia kama manyuo inataka fankisheni (aina ya ombi la kusoma) ya 03 au ya 04.

Soma na rejista ya hali ya kifaa, sio oksijeni peke yake. Humo ndo analaiza inasema sensa imechoka, joto bado, niko kwenye kalibresheni.

Masika yakija na radi, kebo ndefu inayotoka jengo moja kwenda jingine bila kizuia radi itakula kadi pande zote mbili. Kama majengo yana ardhi tofauti weka kitenganishi.

## Hatua ya 6: Fanya kifo cha kifaa kionekane

Kama muda ni mdogo, fupisha kwingine, hapa usifupishe.

Kwa 4-20 mA, analaiza iambiwe ikiwa na kosa itoe mkondo ulio nje ya kawaida, 3.6 au chini yake, ama 21 na kwenda juu. Kwenye PLC andika: 3.6 na chini yake, au 21 na juu yake, ni KOSA, na namba isionyeshwe kabisa. Usiruhusu PLC ikate namba hasi kuwa sifuri. Waya uliokatika ni 0 mA, kwa renji ya 25 hesabu inatoa hasi 6.25, na wengi wameweka programu inayosema kila kilicho chini ya sifuri kiwe sifuri. Hapo umemfunika maiti blanketi.

Kwa Modbus, mawasiliano yakikatika PLC nyingi zinabaki na namba ya mwisho. Inakaa pale, nzuri, haitikisiki, masaa. Weka taima: bila jibu jipya kwa sekunde 10, namba inakuwa batili na alamu inalia.

Kwa rilei, panga iwe imeshikwa na umeme wakati mambo ni mazima, iachie wakati wa alamu. Hivyo umeme ukikatika, waya ukichomoka au analaiza ikifa, matokeo yote ni alamu. Ukipanga kinyume, analaiza iliyokufa haiwezi kupiga kelele.

Na flo, yaani mtiririko wa gesi: weka swichi ya flo ndogo kwenye njia ya sampo. Pampu ikifa gesi iliyobaki kwenye sensa haijui kama mashine imejaa hewa.

## Hatua ya 7: Kalibreti kwa gesi, na ujihadhari na unyevu wa Dar

Waambie watu wa kontroo kabla hujaanza. Washa kishikizo cha namba, kinachoigandisha namba inayotumwa, ili mashine isisimame kwa gesi yako ya majaribio, na andika saa uliyokiwasha mahali wanapoona wote.

Fungua mtungi taratibu, umesimama pembeni ya regulata, sio mbele yake. Ikiwa ni mtungi wa oksijeni au gesi yenye oksijeni nyingi, hamna mafuta, hamna grisi, hamna glovu zilizoshika injini: oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta inaweza kuwaka bila kiberiti, na kufungua valvu kwa ghafla kunazidisha joto. Nguo iliyolowa oksijeni inabaki hatari, kaa nje kwenye hewa angalau dakika 15 kabla ya kusogelea moto au sigara.

Regulata ina hewa ndani yake. Ijaze na uimwage mara tatu au nne kabla ya kuielekeza kwenye analaiza, vinginevyo utaseti sifuri kwa hewa. Weka flo kama manyuo inavyosema, nyingi ziko karibu na nusu lita kwa dakika, na paipu ya kutolea iwe huru, maana sensa nyingi zinahisi presha: presha ikizidi asilimia 1 na namba inazidi kwa kiasi hicho.

Kama unapima kiwango kidogo sana, cha sehemu kwa milioni, tupa mpira wa silikoni. Unapitisha oksijeni ya hewa kupitia ukuta wake na hutapata sifuri mpaka kesho. Tumia stenlesi, na sensa hiyo usiiache wazi hewani, inaweza kuchukua masaa kurudi.

Sasa unyevu. Wengi wanakalibreti juu kwa hewa ya chumba wakiandika 20.9. Siku ya nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, ambayo hapa ni siku ya kawaida tu, mvuke umechukua nafasi ya zaidi ya asilimia 3 ya hewa, na oksijeni halisi ni kama 20.2 au 20.3. Ukilazimisha 20.9 umeanza na kosa. Tumia hewa kavu ya kompresa iliyopita kwenye draya au mtungi wenye cheti.

Umefaulu pale ambapo, baada ya sifuri na juu, unapitisha gesi ya tatu ya katikati bila kugusa kitufe na analaiza inasoma kile kilichoandikwa kwenye cheti. Ukihitaji kusahihisha sana kila wiki, sensa inakufa au kuna uvujaji. Pita na maji ya sabuni kila kiungo kabla hujanunua sensa nyingine.

## Hatua ya 8: Jaribu kutoka gesi mpaka king'ora

Usikabidhi kazi bila haya, tena mwendeshaji wa zamu akiwepo.

Pitisha gesi ya cheti: soma skrini ya analaiza, mita ya miliamp, PLC, na skrini ya kontroo. Namba nne, ziandike zote. Rudia kwa hewa kavu na kwa naitrojeni.

Kisha haribu kwa makusudi. Chomoa waya mmoja wa 4-20 mA: lazima ionekane KOSA, isionekane sifuri. Chomoa Modbus: ndani ya sekunde 10 alamu. Zima analaiza: rilei iachie, mashine isimame au king'ora kilie. Funga flo ya sampo: alamu ya flo. Kimojawapo kikinyamaza, rudi hatua ya 6, hata kama bosi amesimama nyuma yako anaangalia saa.

Mwisho ondoa kishikizo cha namba ulichokiwasha kwenye kalibresheni. Kishikizo kilichosahaulika ni namba iliyoganda, na hamna skrini itakayokwambia.

Ndani ya mlango wa paneli bandika karatasi iliyopigwa plastiki: renji, anwani, kasi, pariti, namba ya rejista, kipande kipi kinatangulia, fankisheni, tarehe ya sensa kufungwa, namba ya cheti cha gesi na zile namba nne za jaribio. Jaribio la kuchomoa waya lirudiwe kila mnapokalibreti na kila mtu anapogusa programu ya PLC, hata akisema kabadilisha rangi ya kitufe tu.